Mambo ya Nyumbani: Nyavu, Madema na Samaki wa Kesho



Mara kwa mara twaulizwa swali moja, na hasa na akina mama: mbona samaki waletwao siku hizi ni wadogo, na bei yao ni kubwa? Kwa watu wa Vitongoji swali hili si la kupitisha wakati. Pale mashariki mwa Pemba, maji yakitoka siku za bamvua, mwamba huwa wazi mbali sana, na mtu asiye na ngalawa wala mshipi huweza kushuka kwa miguu akatafuta kitoweo cha watoto wake. Bahari ikipungukiwa, nyumba kama hiyo ndiyo itakayojua kwanza.

Wengine hujibu kwamba ni pepo za kusi, wengine husema samaki wamehama, wengine husema wavuvi wamezidi. Hatukatai. Walakini twaona yafaa kuuliza pia samaki wamevuliwa kwa nini, maana kila zana huchagua samaki wake, na nyingine hazichagui hata kidogo.

Tuanze na juya, maana ndilo lenye maneno mengi. Juya ni wavu mrefu wenye macho madogo, nao hukokotwa na watu wengi. Hupita juu ya majani yaotayo chini ya bahari, na majani yale ndiyo malezi ya samaki wengi tuwapendao. Tasi hula humo. Changu na mkundaji wachanga hujificha humo kabla hawajapata nguvu ya kwenda mbali. Basi juya likipita huchukua mama na mtoto pamoja, hung'oa majani, na likigusa matumbawe huyavunja. Mvuvi akitazama ufukoni huona kapu limejaa, naye hufurahi. Lakini wale wadogo kama vidole, wangaliachwa hata wakakua, wachache wao wangalijaza kapu lile lile, tena wangalikwisha kutaga mayai. Hasara hiyo haionekani siku ile. Huonekana msimu mwingine, na pengine kwa jirani ambaye hakushika kamba ya juya hata mara moja.

Huko Kenya serikali ilikataza majuya na bunduki za kuchomea samaki mwaka 2001. Watu wa elimu waliopima mavuvi ya pwani ya kusini waliona kwamba pale majuya yalipoondolewa, wenye madema na mishipi walianza kupata samaki wakubwa zaidi, na fedha zaidi. Jambo hili twaliamini. Lakini sisi tulao mshahara kila mwezi ni rahisi kwetu kusema, "Juya liachwe." Juya huwapa fungu vijana wasio na chombo, na wazee wasioweza tena kwenda nje ya mwamba. Huyo atakula nini katika muda wa kungoja samaki wakue? Mtu akitaka kulikataza juya asilijibu swali hilo, twaona amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi.

Dema ni jambo jingine. Lina sifa moja kubwa: samaki hutoka humo akiwa hai, na mwenye huruma aweza kumrudisha mdogo majini. Ubaya wake huja likisukwa kwa macho ya kubana, au mvuvi akivunja matumbawe ili apate mawe ya kulikandamiza. Huko huko Kenya walijaribu kuacha mwanya mwembamba ubavuni mwa dema, samaki mchanga apite na mkubwa abaki. Wavuvi hawakupoteza kitu; samaki waliobaki walikuwa wakubwa na bei yao njema. Fundi yeyote wa kusuka aweza kulifanya jambo hilo bila gharama ya fedha.

Mshipi twausifu, kwa kuwa ndoana kubwa haimezwi na kinywa kidogo. Hata hivyo mshipi nao hupenda wakubwa, na chewa ana siri yake: wengi wa jamaa yake huanza maisha wakiwa majike, kisha wakiwa wakubwa hugeuka madume. Wakubwa wote wakitolewa mwamba mmoja, waliobaki hukosa madume. Tena jike mkubwa hutaga mayai mengi kupita majike wadogo kadhaa wakiwekwa pamoja.

Na jarife? Macho yake ni mapana, dagaa na changu hupita salama, hata mtu angedhani ni wavu usio na lawama. Kumbe papa na taa ndio waumiao. Papa hazai maelfu. Wengi wao huzaa watoto wachache baada ya kuchukua mimba muda mrefu, na hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Kasa na nguva nao hunaswa humo na kuzama kwa kukosa pumzi. Tangu mwaka 2003 majarife yaliyotegwa kwenye maji ya kina upande wa Tanga yameleta juu hata silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani amekwisha duniani, hata alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hakuna aliyekwenda kumtafuta. Wavu hauulizi jina.

Dagaa wavuliwao kwa taa usiku wa giza hustahimili zaidi, kwa kuwa maisha yao ni mafupi na kuzaa kwao ni kwa haraka, ingawa taa ile ile huwaita na watoto wa samaki wengine. Baruti na sumu ya utupa hatutazieleza kwa urefu. Baruti huua kila kiumbe kilicho karibu, pamoja na mayai, na mwamba uliopasuka huchukua miaka makumi kupona.

Wasomaji wengine watasema kwamba makosa yote ni ya meli kubwa. Nazo zina sehemu yao. Meli moja ya kuvua jodari hutandika kamba yenye maelfu ya ndoana, urefu wake maili nyingi. Mwezi wa Machi 2009 meli iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika bahari ya Tanzania ikiwa na samaki karibu tani 300. Kesi yake ilifika hata Mahakama ya Rufani, nasi hatuihukumu hapa. Twataja wingi ule tu, ili msomaji aulinganishe na tenga la ngalawa. Na kule Newfoundland, nchini Kanada, meli zilikokota nyavu zao hata mwaka 1992 serikali ikalazimika kufunga uvuvi wa samaki aitwaye chewa wa kaskazini, watu maelfu wakakosa kazi. Lakini meli haikuyang'oa majani ya ufuko wetu.

Liko jambo jingine lililojaribiwa kisiwani mwetu. Watu wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, pweza wasiguswe, kisha wakafungua. Pweza hukua upesi sana na maisha yake hayapiti sana mwaka mmoja, kwa hiyo hata pumziko fupi humfanya mzito. Mwamba wa Vitongoji, ulio wazi vile siku za bamvua, wafaa kufikiriwa hivyo, ikiwa wanawake wachokoao pweza wataulizwa kwanza kabla ya mtu yeyote kuweka mpaka.

Mama apasuaye samaki jikoni ana elimu ambayo mnunuzi wa gati hana. Akikuta mayai tumboni, ajua samaki yule alifikia utu uzima. Akipasua kumi mfululizo katika msimu wa kutaga asione yai hata moja, ajua wavu gani uliwaleta. Twawaomba walimu wawaambie watoto waulize nyumbani wiki hii, kisha watuandikie waliyojibiwa.

Mwezi ujao tutaandika habari za mwani, kwa kuwa wengi wametuuliza juu ya bei yake.