Swali la Bunduki Lijibiwe Darasani

Wanachuo wenzangu wa ualimu, muda si mrefu tunakwenda TP, na huko tutaulizwa maswali ambayo hayamo kwenye andalio la somo. Nataka tuzungumzie mapema aina moja ya maswali hayo, yale yanayomtisha mwalimu. Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi akiuliza kuhusu bunduki, ajibiwe. Asipigwe, na asiambiwe tu "hayo si ya umri wako."

Mfano ninao nyumbani kwetu Kaloleni, Arusha. Kuna dogo jirani yetu, yuko kidato cha tatu, na Jumamosi anashinda kwenye karakana ya mjomba wake wakichomelea mageti na madirisha. Ni chalii mtulivu, mikono yake ina akili. Kwenye simu aliona video ya Mmarekani anayeunganisha bunduki yake ya kwanza mezani kwake, kipande kwa kipande, kama mtu anayefunga kitanda. Sehemu kubwa ya video ilihusu kuchagua kile kipande cha mbele kinachozunguka mtutu, pale mkono unaposhika. Dogo akauliza kwenye kipindi cha fizikia: kipande kile bora kiwe cha plastiki au cha alumini? Jibu alilopata ni viboko na barua ya kumwita mzazi. Shule siitaji, maana najua si hiyo peke yake.

Akaja kwangu kwa sababu nimepita JKT. "Kaka, si umeshika SMG wewe? Ile mbao ya mbele ina kazi gani?"

Hebu tulitazame swali lenyewe. Risasi zikitoka mfululizo, mtutu unapata moto wa kuunguza, kwa hiyo mkono unahitaji kinga. SMG tuliyoizoea JKT ina kinga ya mbao, kwa sababu mbao haipitishi joto upesi. Ndiyo maana mama anasonga ugali kwa mwiko wa mbao. Plastiki nayo haipitishi joto upesi, na ni nyepesi. Alumini ni imara zaidi lakini inapitisha joto haraka, hivyo kinga ya alumini hutobolewa matundu na kuachiwa nafasi ili hewa ipite kati yake na mtutu. Hapo dogo ameshagusa mada ya usafirishaji wa joto, ambayo imo kwenye fizikia ya kidato cha tatu. Mwalimu alikuwa na mfano mkononi, akauchapa viboko.

Swali lina kina zaidi ya hapo. Kinga ikikaza kwenye mtutu, ukiilalia au ukiivuta, mtutu unapinda kidogo sana, jicho halioni, lakini risasi inakwenda pembeni ya ulipolenga. Kwa hiyo kinga nyingi za siku hizi hushikiliwa upande wa nyuma tu, mtutu ukabaki huru. Na iko hadithi ya M16 ya Wamarekani. Zile za mwanzo, miaka ya 1960, zilikuwa na kinga ya plastiki ya vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, na kimoja hakiingii mahali pa mwenzake. Toleo la A2 la miaka ya 1980 likaja na vipande vilivyo sawa, chochote kinakaa upande wowote, na stoo ikawa inatunza aina moja tu ya spea. Fundi yeyote wa Kaloleni analielewa somo hilo bila kushika silaha.

Najua mtakachosema. Ukimjibu, unamfundisha kuua. Hoja hiyo siipuuzi. Lakini video ameshaiona, na ataiona tena leo usiku. Kuna jambo ambalo video ile haitamwambia kamwe, nalo ni sheria ya nchi yake. Huko Marekani, sheria ya shirikisho inahesabu fremu ile inayobeba mtambo wa kufyatulia kuwa ndiyo bunduki, hivyo kinga ya mkono inauzwa dukani kama kioo cha pikipiki. Kwetu, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, kutengeneza silaha bila leseni ni kosa la jinai. Dogo hakulijua hilo. Alidhani kinachomzuia ni bei ya vipande tu. Tukinyamaza, anabaki na video kama mwalimu wake pekee.

Nikamwambia pia kuhusu magobore ya kienyeji, ambayo mengine mtutu wake ni bomba la maji. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili mlipuko. Likipasuka linaondoka na vidole, na hakuna kinga ya mbao wala ya alumini itakayokusaidia. Hilo alilisikiliza vizuri kuliko fimbo, kwa sababu anajua bomba ni nini na ameshaona chuma kikipasuka.

Mipaka ipo. Mwalimu aeleze kitu kinavyofanya kazi na kwa nini, asifundishe namna ya kukitengeneza. Na kabla ya yote amuulize mtoto, "Unaitakia nini?" Akiona hasira juu ya mtu fulani, hapo si somo la fizikia tena, aende kwa mwalimu wa malezi na mzazi siku hiyo hiyo. Dogo wangu alinijibu, "Nataka kutengeneza kitu kinachoingia chenyewe, bila kugongea nyundo." Hamu hiyo ni ya fundi.

Kwa hamu hiyo Arusha haina njaa. Tuna Chuo cha Ufundi, tuna VETA, tuna TEMDO na CAMARTEC wanaobuni mitambo na zana za kilimo. Na hata kabla ya huko, kazi ipo mtaani. Hesabu watu wenye kovu la ekzosi ya bodaboda kwenye ndama ya mguu. Kinga ya ekzosi ni ndugu wa kinga ya mtutu: chuma cha moto, mwili wa mtu, na nafasi ya hewa katikati. Nimempa dogo swali hilo, na sasa anabishana na mjomba wake kuhusu ukubwa wa matundu. Bado ananiuliza ya SMG, na bado namjibu.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, na mkuu wa shule ndiye mwenye mamlaka ya kuitoa au kumkasimu mwalimu kwa maandishi. Sijaona mahali swali linapohesabiwa kuwa kosa kubwa. Na kwa sisi wa Kaloleni inauma zaidi. Azimio la mwaka 1967 lilijadiliwa pale pale mtaani kwetu, kwenye jengo ambalo leo ni makumbusho, na Machi mwaka huo huo Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imjenge mtoto awe na akili ya kudadisi. Tunaujibia mtihani waraka ule kila mwaka na tunapata A.

Basi TP ikianza, mtoto akinyoosha mkono na kuuliza jambo la kutisha, vuta pumzi, muulize analitakia nini, kisha mfundishe. Kama jibu hulijui, mwambie utalileta kesho, na kesho ulilete.