Kutoka "zeruzeru" hadi "dili": Jina linapomwekea mtu bei

Mwishoni mwa Mei 2024, mtoto wa kike mwenye ualbino, wa miaka miwili na ushei, aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Muleba, Kagera. Katikati ya Juni mwili wake ulipatikana, baadhi ya viungo vikiwa vimekatwa.

Mauaji ya aina hii yana lugha yake.

Kwa miaka mingi neno la mtaani lilikuwa "zeruzeru", likienda sambamba na imani kwamba watu hawa ni mizimu, hawafi bali hupotea tu. Mauaji yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, likazuka jina jingine: "dili". Mtu anapita zake, kijiweni wanapiga kelele, "Dili hilo!" Wakiulizwa, wanasema ni utani tu.

Utani gani huo? Wapo waganga wanaodanganya watu kuwa viungo hivyo vinaleta utajiri, na wapo wanaolipa. Anayemwita jirani yake "dili" anamtangaza kuwa ana bei.

Ndiyo maana linasisitizwa jina "mtu mwenye ualbino". Ni refu kidogo, sawa, lakini linaanza na mtu. Ualbino ni hali ya kurithi: mwili hautengenezi rangi ya kutosha kwenye ngozi, nywele na macho. Hakuna mzimu wala utajiri humo.

Je, kila jina la zamani ni tusi? Hapana. Viziwi wana chama chao, CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Neno "viziwi" wameliweka wenyewe kwenye jina la chama. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: wanaoitwa jina hilo wanasemaje? La pili: likitamkwa hadharani, linawaweka hatarini?

Kubadili neno peke yake hakuzuii panga. Bado unahitajika ulinzi, kesi zifike mwisho, na mafuta ya kukinga jua yapatikane, maana saratani ya ngozi nayo inaua.

Lakini kuacha kusema "dili" hakuhitaji bajeti. Ukilisikia kijiweni, usicheke. Huenda kuna mama anapita hapo na mwanawe mgongoni, na amelisikia pia.