Nani Aliingia?

Kuna neno moja la Kizungu linanikera: displace. Mvua ikizidi, au tingatinga likipita mahali usiku, taarifa ya habari inasema familia kadhaa zimekuwa "displaced". Zimekuwa! Kama vile maziwa yamekuwa mala. Hakuna aliyefanya.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo fizikia yangu ni ya sekondari tu. Inatosha. Mwalimu alijaza maji kwenye kopo lenye mdomo pembeni, akatumbukiza jiwe, maji yakamwagika. Hayo ndiyo "displaced", akasema. Tukayapima, tukajua ukubwa wa jiwe. Kwenye fizikia ukiona maji mezani unauliza nini kimeingia. Kwenye siasa tunahesabu maji, jiwe hatuligusi.

Na hapa Embu mawe tunayajua. Kuanzia 1954 mkoloni aliwatoa kwa nguvu Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni 1, akawarundika kwenye vijiji vya lazima. Kule Mbeere, mabwawa ya Masinga (1981) na Kiambere (1988) yalifunika mashamba ya watu ndio stima ipatikane. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 600,000 walitoroka makwao, tukawapa herufi tatu: IDP. Hata Kiswahili chetu hapo kilizembea. "Wakimbizi wa ndani." Yaani kosa ni mbio zao, sio panga lililokuwa nyuma yao.

Sisemi Kiswahili ni malaika. "Kuhamishwa" tunalitumia kwa mwalimu aliyepelekwa shule nyingine na kwa mama aliyebomolewa nyumba akiwa bado anapika. Wakubwa wanalipenda hilo neno sana, na najua kwa nini.

Mtaani kwetu Dallas, ploti moja iliuzwa, na jirani yetu aliyekuwa amepanga hapo akapewa wiki moja atoke. Wiki moja, wasee. Sheria za ardhi, tangu zirekebishwe 2016, zinampa notisi ya miezi 3 hata yule anayekaa kwenye ardhi bila ruhusa, na huyu alikuwa analipa kodi! Nilimkuta anafunga godoro kwa kamba. Nikamuuliza, "Mathe, kwani unahama?"

Akaniangalia kama mjinga. "Sihami. Wamenifukuza."

Hiyo "wa" ya mwanzo ndiyo jiwe. Ukiandika habari yake, anzia hapo, kisha utafute ni akina nani.