Binti Anataka Kusoma Kioo

Msomaji mmoja wa safu hii, mama wa watoto watatu, ameniandikia kwa masikitiko. Binti yake wa kwanza, ambaye ukoo mzima ulishamwona amevaa koti jeupe la udaktari, ametangaza mezani kwamba anataka kusoma sanaa ya kioo. "Dada nesi," ameandika, "mtu anavuka bahari aje kutengeneza glasi?"

Swali lake ni la haki. Nami nilitoka nyumbani na diploma ya uuguzi, nikaongeza digrii huku, najua ada inavyouma. Lakini kabla hajamjibu binti, naomba ampeleke mahali pawili.

Kwanza ni Mia, jumba la sanaa la Minneapolis. Sisi wa Richfield tunapanda tu basi la Nicollet, na kiingilio ni bure. Humo kuna kazi ya Dale Chihuly iitwayo Sunburst, jua la manjano lililotengenezwa kwa vipande vingi vya kioo vilivyojikunja kama mikia. Chihuly alizaliwa Tacoma mwaka 1941. Mwaka 1976 ajali ya gari huko Uingereza ilimpofusha jicho la kushoto, na miaka mitatu baadaye akateguka bega akicheza kwenye mawimbi ya bahari. Kwa mpuliza kioo hilo ni pigo kubwa, maana bomba la chuma lenye kioo cha moto ni zito na lazima lizungushwe bila kupumzika. Akaacha kupuliza, akaanza kuchora na kuelekeza mafundi wake. Tangu mwaka 1968 alikuwa ameona huko Venice jinsi kioo kinavyofanywa na timu, kila mtu na zamu yake, kama chumba cha upasuaji. (Msinicheke, kila kitu nakipima kwa wodi.)

Kinachonigusa zaidi ni mikapu. Mwaka 1977 Chihuly aliona vikapu vya zamani vya Wahindi Wekundu vimelundikwa, vimelegea kwa uzito wao wenyewe. Akajaribu kufanya kioo kilegee vilevile, akiacha joto na uzito vifanye kazi badala ya kukilazimisha. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye pakacha na mikeka ya ukili hatukuwahi kuvitazama vitu hivyo kwa jicho hilo.

Mahali pa pili ni jumba la Weisman, Chuo Kikuu cha Minnesota. Huko yumo samaki wa kioo wa Frank Gehry, amesimama wima, urefu wake karibu mita 7. Gehry alisimulia kwamba utotoni bibi yake alikuwa akinunua samaki hai sokoni na kumweka kwenye beseni la kuogea hadi siku ya kumpika, naye mtoto akikaa kumtazama akiogelea. Binti wa msomaji wangu bila shaka ana bibi pia, na bibi ana jiko.

Mama atasema hao ni Wazungu wenye pesa. Haya, twende nyumbani. Kusini mwa Nairobi, ng'ambo ya mbuga, Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya kioo cha rangi Kitengela. Mwanawe Anselm akaendeleza upulizaji, akiyeyusha vioo vya madirisha vilivyotupwa. Arusha kuna Shanga, karakana inayoajiri watu wenye ulemavu, na chupa zilizokwisha kazi zinageuzwa glasi na shanga. Mafundi kadhaa ni viziwi, na mbele ya tanuru linalonguruma lugha ya alama inafaa kuliko kupiga kelele.

Na shanga zenyewe si ngeni kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba shanga za kioo kutoka Venice, na ile nyekundu iliitwa samesame. Ukifika kijijini na rangi ambayo fasheni yake imepita, chakula hupati.

Kazi yenyewe ni ngumu. Mchanga, magadi na chokaa huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kioo kinatoka kizito kama asali, na fundi ana dakika chache tu. Kikishaumbwa kinaingizwa tanuru jingine la nyuzi kama 500, kipoe polepole kwa saa nyingi. Kikipoa haraka, nje hukaza kabla ya ndani, na kinaweza kupasuka chenyewe kesho yake mezani.

Maoni yangu, mama: usikatae, na usilipe ada ya miaka minne bado. Minneapolis kuna karakana zinazofundisha kwa siku moja, na ng'ambo ya mto, Wisconsin, chuo kikuu cha River Falls kimefundisha kioo kwa miaka mingi. Mwache asimame mbele ya tanuru mara tatu nne. Kama bado anataka, muulize atajilipiaje kodi ya nyumba, na umsikilize mpaka amalize.

Avae pamba, siyo nailoni, na viatu vya kufunika vidole. Akiungua, maji ya bomba ya baridi yapite juu ya jeraha dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo barafu, na shangazi asije na siagi.