Nafuu ya Busia ni Nafuu ya Nani?

Mwalimu apatapo barua ya uhamisho kwenda Busia, wenziwe hufanya haraka kumpongeza. Humwambia kwamba huko maisha ni rahisi. Kwamba mayai, maharagwe, ndizi na mahindi huvuka kutoka Uganda kwa bei ambayo mkazi wa Nairobi huiota tu. Sifa hiyo haikuzuka bure. Busia ni mji uliopasuliwa na mpaka, upande mmoja Kenya na wa pili Uganda, pande zote mbili zikiitwa kwa jina moja, na mwenye kikapu aweza kulinganisha bei za nchi mbili kabla ya saa sita za mchana.

Lakini mimi ni mtu wa lugha, na neno "nafuu" hunitia wasiwasi linapotajwa pasipo mwenyewe. Mgonjwa hupata nafuu, mdaiwa hupata nafuu. Daima huwa ni nafuu ya mtu. Tusemapo basi kwamba bei za Busia ni nafuu, hatuna budi kuuliza: ni nafuu ya nani, na ni nani anayeilipia?

Kwanza tuliondoe kosa ambalo nimelisikia hata kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wao hudai kuwa kwa vile shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 25 za Uganda, vitu vya ng'ambo lazima viwe rahisi. La hasha! Ikiwa bei nazo zimeandikwa kwa maelfu, wingi wa noti haumtajirishi mtu. Urahisi huo watoka kwingine: katika mashamba yenye misimu miwili ya mvua, katika ujira mdogo wa kibarua, na katika mabega ya akina mama wavushao bidhaa kidogo kidogo. Kwa mujibu wa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mchuuzi mwenye bidhaa zilizozalishwa katika Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, aweza kuzivusha bila kutozwa ushuru wa forodha, mradi awe na cheti chepesi cha kuonyesha zilikotoka. Hata hivyo, wapo wasiojua haki hiyo, na wapo waijuao ambao huogopa dirisha la afisa kuliko wanavyoogopa njia za panya.

Katika njia hizo ndimo shule zetu zinamoumia. Walimu wa mpakani wanawajua watoto ambao madawati yao huwa matupu siku za soko. Mtoto hatiliwi shaka upesi, kwa hiyo ndiye atwikwaye mzigo. Shilingi chache ambazo mlaji ameziokoa katika kilo ya sukari zimelipwa kwa somo la hesabu ambalo mtoto huyo hatafundishwa tena. Na sukari yenyewe? Kaunti ya Busia hulima miwa. Mzazi anayefurahia sukari ya magendo dukani ndiye huyo huyo ambaye miwa yake inakosa bei, kisha anaitwa na mwalimu mkuu kuhusu malimbikizo ya karo.

Tena, si kila kitu kitokacho magharibi. Saruji, vitabu, sare za shule na mafuta ya petroli husafiri kutoka pwani na Nairobi. Bomba la mafuta lakoma Kisumu na Eldoret. Kutoka huko ni lori, na ndiyo maana bei ambayo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli hutangaza kwa Busia huwa juu ya ile ya Mombasa. Karo nayo haishuki kwa sababu nyanya zimeshuka.

Nafuu hii pia yaweza kufungwa kwa kufuli. Mnamo Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria kwa ajili ya korona. Mnamo Machi 2021 Kenya ikapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Mji huu, ambao kwa kauli ya wengi ndio ulioizalia Afrika Mashariki neno "boda boda" katika miaka ya 1960, hauna riziki mpaka ukifungwa.

Marupurupu ya nyumba ya mwalimu hutegemea mahali afanyiapo kazi, na wa Nairobi hupewa zaidi. Sipingi kwamba kodi za Nairobi ni za kutisha. Ninalopinga ni kuupima mji kwa ukubwa wa jina lake badala ya kwenda sokoni, dukani na kwa mwenye nyumba, kila msimu, na kuandika bei zilizopo. Kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Alupe, ambao wanaishi papo hapo.

Kwa mama mwenye trei za mayai, ombi langu ni dogo zaidi: pale mpakani awekwe karani wa kumweleza habari za cheti kile kwa Kiswahili, Kiteso na Kisamia, mlangoni, kabla hajakata shauri ni njia ipi atakayopitia.