Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Hutuzwa na Nani?

Tangu sanaa ianze kulipiwa, pamekuwa na ugomvi baina ya msanii na wale waliompenda kabla hajajulikana. Alipokuwa akiimba bure alikuwa mwenzao. Siku redio inapomchukua, husema amejiuza. Lawama hii hutolewa hata na mashabiki wa muziki ulio mbali kabisa na masikio yetu watu wa pwani, ule wa magitaa ya kishindo uitwao metali.

Kundi la Metallica la Marekani lilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1983, likasifika kwa ile metali ya kasi ambayo wenyewe huiita thrash. Mwaka 1991 walipunguza mwendo, wakafupisha nyimbo, na santuri yao ya mwaka huo ikauzwa zaidi ya nakala milioni 16 huko Marekani peke yake. Wapo mashabiki wa zamani ambao hadi leo hawajawasamehe. Mimi si mpenzi wa kishindo hicho, wala simshawishi msomaji akakisikilize. Nataka kuliazima swali lao tu, nilipeleke Garissa, kwa sababu huko ndiko linakouma zaidi.

Garissa si ugenini. Mto Tana unaopita mlangoni mwake ndio huo huo unaomwaga maji baharini kwetu, karibu na Kipini. Nao Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera wanafanana nasi kwa jambo moja kubwa: kwao ushairi si pambo. Wanaume wana gabay, shairi zito la hoja na hukumu. Wanawake wana buraanbur, ambayo huimbwa kwa ngoma na makofi katika harusi. Vijana wana dhaanto, ngoma ya kujibizana. Kisomali kilipewa maandishi rasmi nchini Somalia mwaka 1972. Kabla ya hapo historia, mikataba na visasi vilihifadhiwa vifuani kwa beti. Mtu wa jamii kama hiyo akibadilishiwa neno, amebadilishiwa hati.

Sasa watazame wanawake wa kundi la Gargar, jina ambalo maana yake ni msaada. Ni wa hapo hapo Garissa. Nyimbo zao zilirekodiwa na Ketebul Music ya Nairobi, studio ya Tabu Osusa, zikatoka katika sahani iliyoitwa Garissa Express. Magitaa na ala nyingine za studio ziliongezwa juu ya ngoma na makofi. Je, wamejiuza? Mimi nasema la. Lugha ni yao na sauti ni zao. Kilichoongezwa ni chombo cha kusafiria. Najua wapo masheikh, huko na kwetu, wanaokataza ala za muziki, na wapo wanaoruhusu dufu peke yake. Hitilafu hiyo ni ya wanavyuoni na siiingilii. Nazungumzia neno.

Na kwa habari ya neno, kisa kilicho wazi kuliko vyote ni cha Msomali mwingine, aliyetokea ng'ambo ya mpaka. K'naan alizaliwa Mogadishu, akaondoka na jamaa zake vita vilipoanza mwaka 1991, akakulia Canada. Shangazi yake ni Magool, mwimbaji ambaye kila nyumba ya Kisomali inamjua. Mwaka 2009 alitoa wimbo uitwao "Wavin' Flag", wenye kilio cha vita na umaskini. Kisha kampuni ya Coca-Cola iliutaka kwa ajili ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Wimbo ukaandikwa upya: vita vikatoka, shangwe za mpira zikaingia. Ulimwengu mzima ukaucheza, na wengi wa walioucheza hawakujua kuwa chini yake palizikwa maombolezo.

Desemba 2012 K'naan mwenyewe aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wakubwa wa kampuni yake ya santuri walimshauri alainishe nyimbo ili redio za Marekani zimpokee. Alikubali. Alieleza kwamba katika nyimbo zake mpya Fatima amekuwa Mary, na Mohamed amekuwa Adam. Msomaji Mwislamu atasema: kuna ubaya gani, na Maryam na Adam ni majina matukufu kwetu? Kweli, majina hayana ila. Ila iko katika sababu ya kuyabadilisha. Fatima aliondolewa kwa sababu msikilizaji wa mbali asingependa kumjua. Mwenye nyumba aliambiwa afiche watoto wake ili mgeni akae kwa raha.

Wala soko halikulazimisha mambo kuwa hivyo. Februari 2024 K'naan alipewa tuzo katika sherehe za Grammy, ile ya wimbo unaoleta mabadiliko katika jamii, kwa wimbo wa "Refugee", yaani Mkimbizi. Njia iliyomfikisha tena jukwaani ilikuwa ile ile habari yake ya ukimbizi.

Sisi wa pwani tulipaswa kulijua hili mapema. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa ajili ya biashara, wakati ambapo taarabu ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu, naye akaimba kwa Kiswahili, santuri zikanunuliwa. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alichukua lahani za filamu za Kihindi waziwazi, kwa kuwa ndizo zilizopendwa. Lakini maneno yalibaki ya Kimvita, mengi yao yakiwa ya malenga Ahmad Nassir. Hakuna aliyemwambia Bhalo kuwa amejiuza kwa Wahindi. Lahani huazimwa na kurudishwa. Neno likishatoka mkononi, kulirudisha ni kazi.

Lakini tusimwonee mwanamuziki. Wale wanaomlaumu kijana wa Garissa kwa kutafuta soko hufikiri kwamba akiliacha soko atabaki huru. Atakula nini? Mkono mtupu haulambwi. Akikosa wanunuzi, wamebaki watu watatu wa kumlipa: mwenye harusi, shirika la misaada, na mwanasiasa. Mwenye harusi anataka asifiwe ukoo wake. Shirika linataka wimbo wa chanjo au wa kunawa mikono. Si aibu kuuimba, lakini maneno huja yamekwisha andikwa ofisini. Mwanasiasa anataka jina lake katika kila kituo. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa kazi na mgombea mmoja, sitamtaja, nitunge beti kumi za kumsifu. Nikamwomba aniachie ubeti mmoja wa kumkumbusha maji na barabara. Kazi ikapewa mwingine. Basi hao nao ni soko, tena soko la mnunuzi mmoja, ambalo ni baya kuliko lote.

Na yupo wa nne, asiyelipa bali hutisha. Vijana wa Waayaha Cusub, kundi la wakimbizi wa Kisomali lililoundwa Eastleigh mwaka 2004, waliimba dhidi ya wenye siasa kali. Kiongozi wao, Shiine Akhyaar Ali, akapigwa risasi mwaka 2007, akanusurika. Nako Mogadishu, Aprili 2010, kundi la Hizbul Islam liliamuru redio zote ziache muziki, na nyingi zikatii. Anayemwambia msanii abaki safi na maskini na akumbuke kwamba maskini hana mlinzi.

Kwa hiyo sioni kosa kwa msanii wa Garissa kutaka kusikika Nairobi, Mombasa, Dubai na Minneapolis, ambako Wasomali ni wengi. Wanunuzi elfu wanaolipa kidogo kidogo humwachia kalamu yake kuliko mfadhili mmoja anayelipa yote. Linalotakiwa ni fedha hizo zimfikie. Katika Kenya ugomvi juu ya nani akusanye mirabaha ya wanamuziki umefikishwa mahakamani mara nyingi, na huku ugomvi ukiendelea, wimbo unapigwa na mwenyewe halipwi. Wimbo wa Kisomali ukipigwa redioni Garissa, au ndani ya basi la Nairobi, haki ya mwenyewe ni ile ile ya mwenye wimbo wa mjini. Serikali za kaunti nazo, zikitaka kusaidia, zinunue nyimbo zilizokwisha tungwa badala ya kuagiza sifa.

Chuoni tulisomeshwa kuwa ipo sura nzima, ya 26, iliyoitwa Washairi, na mwisho wake washairi wanalaumiwa kwa kusema wasiyoyatenda, isipokuwa walioamini na kutenda mema. Haikutajwa humo kwamba ni kosa kulipwa. Mfugaji wa Garissa humpeleka ngamia wake mnadani na kumuuza kwa bei nzuri, na hakuna amchekaye. Angechekwa kama angekubali kwanza kuifuta chapa ya ukoo wake ili mnunuzi apendezwe. Nyimbo na ziende sokoni, tena ziende kwa wingi, lakini Fatima abaki na jina lake.