Kitasa Kibovu na Kimya Chetu



Wapangaji wengi wa Ngarenaro na Unga Limited hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mlango haufungiki, dirisha halina nondo, nyaya za umeme zi wazi. Mpangaji akidai matengenezo huambiwa, "Hupendi, hama." Je, ahamie wapi, na fedha yake i mfukoni mwa mwenye nyumba?

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, mpangaji alibaki hana ngao. Si kweli! Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yamwajibisha mwenye nyumba kuitunza nyumba ifae kukaliwa na watu. Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imemfungulia asiye na uwezo njia ya kusaidiwa bila malipo.

Walakini haki isiyojulikana haifungi mlango. Sisi twaandika barua za serikali kutwa, na jirani hatumwandikii hata moja. Aibu! Kila mwanachama na amwandikie jirani yake madai yenye tarehe na nakala, kisha ampeleke kwa ofisa wa maendeleo ya jamii aelekezwe. Mwizi hangoji.